Kisu cha Mashoto

Chukueni huo mchele niliokwisha kuuchagua mkautie jikoni, na huu uliobaki kwenye ungo mtieni vivyo hivyo. Nilikuwa nimefika katikati, vijiwe upande huu na chuya upande ule, mlinzi wa msitu alipopiga hodi na mfuko wake wa plastiki, na tangu hapo mmesimama mlangoni kama watu waliokuta nyumba imehama. Ingieni. Fundi, mwanangu wa kwanza, keti kwenye sanduku. Chiriku, binti yangu, nyamaza kidogo, utalia vizuri baadaye ukiwa na nafasi. Na wewe mkwe wangu, sogea na mtoto, usikae kizingitini kama mgeni. Kumngoja mume miaka yote hii chini ya paa hili kumekufanya mwenye nyumba.

Mficha maradhi kilio humuumbua, nami sifichi. Daktari ameacha kuniandikia dawa mpya, siku hizi ananiuliza tu kama nalala vizuri. Kwa hiyo nitakayoyasema yashikeni, sitapata pumzi ya kuyarudia.

Mlinzi yuko barazani anangoja neno moja. Chini ya genge, ng'ambo ya mto, wamekuta mifupa ya mtu, kamba iliyooza, na kisu hiki. Anauliza kama ni cha mwanangu wa mwisho, Mashoto, aliyeondoka asubuhi moja kwenda kurina asali wakati mtoto wake huyu anatambaa. Nikisema ndicho, wataniletea mwanangu nimzike. Nikisema sicho, mifupa ile itafukiwa huko huko bila jina, nanyi mtaendelea kutega masikio kila mlango unapolia. Na nikifa kabla sijasema, hakuna mwingine wa kusema, maana baba yenu alipokifua kisu hiki mimi ndiye niliyekuwa navuta mivukuto, na yeye ametangulia.

Nimekusikia, Fundi. Umesema mara mbili tangu uingie: "Mama, visu kama hivi vimejaa sokoni, bei yake haizidi ya sabuni." Kweli. Hakina chapa, hakina urembo, na mtu akikikuta njiani anaweza kukiruka aende zake. Lakini sogeza taa. Pitisha kidole mgongoni mwake, taratibu. Kisu cha kiwandani mgongo wake umenyooka. Huu una mabonde madogo madogo, na kila bonde ni pigo moja la nyundo. Hii ilikuwa springi ya lori bovu lililolala nyuma ya gereji. Baba yenu angeweza kuyasugua mabonde kwa tupa yakaisha, hakutaka. Alisema chuma kinachoficha kilipopigwa ni kama mtu anayekana kuwa amelelewa.

Sasa inama uchungulie chini ya kitanda hiki. Miguu mitatu ya mbao nyekundu, wa nne matofali. Mguu wa nne ndio huo mpini ulioushika, na ule mstari mweusi katika mbao utauona pia kwenye miguu iliyobaki. Siku kitanda kilipovunjika majirani walicheka wakasema nyumba hii ina watu wenye bidii, na baba yenu, badala ya kukanusha, alichukua msumeno akakata mpini huku anapiga mluzi. Pini zake ni shaba ya bomba bovu. Ya pili imekaa upande kwa sababu nilipiga chafya nikiwa nimeishika, naye akasema iache, hiyo ndiyo sahihi yako.

Ala imeoza, lakini angalieni, kutu haikukila sana. Mashoto hakukirudisha alani hata siku moja bila kukipaka nta. Alikitunza kisu hiki kuliko alivyojitunza.

Maji. Asante, mwanangu. Mgonjwa haulizwi uji, lakini maji mnipe.

Fundi, najua kwa nini unataka kiwe cha mtu mwingine. Baba yenu alipokuachia wewe fuawe na nyundo zote, na mdogo wako kisu kimoja tu, wewe uliona kisu ndicho mapenzi na fuawe ni kazi. Siku ile ulimwambia, "Nenda na kichuma chako, usinirudie nacho hapa." Hakurudi, nawe umekuwa ukilila neno hilo kila mlo. Sikiliza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kabla hajatoka alipita kwangu jikoni, anacheka, akaniambia, "Mama, kaka akipoa nitampa kisu akatie sabuni, aone kama kweli anakitaka." Hakuondoka na kinyongo. Aliondoka na mzaha ambao hajaumalizia.

Tuumalizie. Chiriku, teremsha ule mche wa sabuni juu ya kabati. Haya Fundi, kata kipande.

Umeona? Kinene huku, chembamba kule, kama kabari. Mikono yako haina kosa, wewe unanyoosha vyuma vya watu mwaka mzima. Chiriku, jaribu nawe. Mh. Wewe hata mkate hukati sawa, lakini hata ungekuwa hodari kingekupeleka upande. Baba yenu alikinoa bapa moja tu, la kushoto, lingine akaliacha tambarare, kwa sababu kilikuwa cha mtoto wa mkono wa kushoto ambaye visu vya watu wengine vyote vilimsumbua. Hakuwanyima ninyi. Alitengeneza kisu cha mtu mmoja.

Mpeni mtoto. La, mkwe wangu, usimbadilishe mkono, mwache na huo huo alioshikia. Kata, mjukuu wangu. Usiogope, bibi yuko.

Tazameni. Kimesimama wima kama ukuta. Na hakuna aliyemfundisha, maana wa kumfundisha alikuwa chini ya genge.

Ndicho. Ndicho, wanangu. Ni mwanangu yule.

Fundi, nenda ukamwambie mlinzi. Nenda wewe, kwa kinywa kile kile kilichosema asirudi nacho, kaseme arudi nyumbani.

Chiriku, shika haya, kaka yako utamwambia. Mleteni Mashoto kwanza, mzikeni kwanza, hata kama nitakuwa nimekwisha kufa nangoja humu ndani. Yeye amengoja zaidi. Sabuni hii hii mtuogeshee wote wawili. Cherehani ni yako, na sufuria kubwa si yetu, irudisheni kwa jirani kabla hajaja kuiulizia msibani. Nyumba isiuzwe. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa la asiyekuwepo lipo. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mashoto na sasa ni cha mtoto wake, asisogezwe na mtu. Na wewe mkwe wangu, usiku ukishtuka tena usiende kufungua mlango. Ukipata mtu wa kukufaa, olewa, na harusi itoke humu ndani, Fundi akusindikize kama dada yake. Hukunikosea kitu. Kitu chochote.

Kisu... umerudi, Fundi? Amesemaje? Kesho. Vema. Kisu utakitunza wewe mpaka mkono wa mtoto uujaze mpini. Ukinoe, ukipake nta. Bapa moja tu, mwanangu. Usije ukakionea huruma ukakinyoosha. Kikikwenda upande mkononi mwako, cheka. Naye alikusudia ucheke.

Wali umeiva, nausikia. Pakueni. Ile sahani ya Mashoto ninayoifunika kila jioni... msiifunike leo. Mpakulieni mlinzi, amembeba mwanangu kutoka mbali. Mkikuta kijiwe, temeni, msinilaumu, nilikatizwa.

Nileteeni kisu. Hapa, mkononi. Nizungushieni vidole, havishiki vyenyewe.

Mungu awape mikono yenye kazi na... na ndimi za taratibu. Mleeni huyu mtoto. Mpatane. Nimekuwa radhi nanyi, wote, hata...

Kaeni niwahesabu. Fundi. Chiriku. Mkwe wangu. Mtoto. Mgeni barazani. Mashoto, huyu hapa, nimemshika.

Tumetimia. Kuleni, chakula kinapoa.