Gari Dogo la Buluu la Bi Rehana

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Bi Rehana Mansoor wa Makambako, aliyetutoka Jumatano asubuhi akiwa na miaka sabini na tatu. Bi Rehana, yule mwenye mgahawa karibu na stesheni ya reli. Bi Rehana, mwenye mashine ya gemu ya kwanza wengi wetu kuiona.

Ilikuwa mwaka 1988. Biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya nje vinaingia. Mumewe, Mzee Ussi, dereva wa lori, alirudi kutoka Zambia na kabati refu lenye kioo. Kwenye kioo, gari dogo la buluu lilikuwa linakimbia vichochoroni, linaokota vibendera, na magari mekundu yanalifukuza. Ukibanwa, unabonyeza kitufe, gari linatoa moshi, wanaokufukuza wanababaika. Basi, ndiyo gemu yenyewe. Watu walipanga foleni na vikombe vya chai mkononi.

Mwaka 1990 barua ilipelekwa serikalini. Haikuwa na jina. Ilisema Bi Rehana anachezesha kamari. Mashine ikachukuliwa. Mgahawa ukafungwa. Ndiyo, wasikilizaji, mgahawa ulifungwa, na yeye akashtakiwa. Mzee Ussi alikuwa safarini. Binti yao, Lulu, alikuwa bado ananyonya.

Siku ya kesi, wanaume wanne waliibeba mashine hadi mahakamani. Umeme ulivutwa kwa waya kutoka duka la jirani. Hakimu alivua miwani, akacheza mwenyewe. Akagongwa mara tatu. Akainama kutazama kama kuna sarafu inayotoka chini. Hakuna. Akauliza ushindi wake uko wapi.

Bi Rehana, mtoto mgongoni, akamjibu, "Mheshimiwa, ushindi wake ni kuokota vibendera. Hailipi mtu."

Kesi ikafutwa siku hiyohiyo. Mgahawa ukafunguliwa kesho yake.

Wiki iliyofuata akaja mteja mpya, Konsolata, mkulima wa viazi kutoka Uwemba. Alikunywa chai, akaenda zake. Akarudi tena, na tena. Wakawa marafiki wa kuzikana. Mwaka 1997 umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaiunguza mashine. Bi Rehana aliifunika kwa kanga kama anayefunika maiti. Konsolata ndiye aliyeona kwa fundi redio kaseti ya gemu yenye kimashine chake cha kuchomeka kwenye televisheni, gari lilelile limechorwa juu. Akainunua, akampelekea. Rangi zilikuwa kali zaidi, lakini vichochoro vilikuwa vilevile. Miaka ya karibuni Lulu aliwawekea gemu hiyohiyo kwenye simu, imetolewa upya tena, na wazee hawa wawili wakawa wananyang'anyana zamu.

Nilipofika msibani, Konsolata alinishika mkono akasema anataka watu wasikie. Barua ile aliiandika yeye. Mumewe, Agustino, alikuwa akipeleka viazi Makambako na kuchelewa kurudi, naye Konsolata akaamini mumewe anamalizwa na kamari kwenye mashine ile. Miaka yote hiyo hakusema. Wiki tatu zilizopita, Bi Rehana akiwa kitandani mgonjwa, Konsolata alishindwa kuendelea kuificha.

"Mama Lulu," alimwambia, "barua ile niliandika mimi."

Bi Rehana akamjibu, "Najua, Mama Timoth. Tangu mahakamani. Nilipoachiwa watu wote walishangilia, wewe ukakaa chini ukalia. Nikasema, huyu akija nitampa chai."

Konsolata anasema alilala palepale kitini. Lulu alimwamsha alasiri. Hakuwahi kulala hivyo tangu mwaka tisini.

Poleni sana, Mzee Ussi, Lulu, na ndugu wote. Pole na wewe, Mama Timoth. Mungu ampumzishe Bi Rehana pema. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tuliyemficha neno, na tunangoja nini? Kama yuko hai, nenda kwake leo. Mwambie.