Aliyeshika Kamba ya Dominika
Maisha ya Melkior Wenseslaus Mtenga, 1960–2025

Huyu tuliyemleta leo chini ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake ni Melkior Wenseslaus Mtenga. Wengi wenu mmemwita Baba Wilson. Waliowahi kunywesha mashamba yao kwa maji ya mfereji wetu walimwita Mzee wa Mfongo, na hilo ndilo jina alilolipenda, ingawa hakuwahi kulisema.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1960 hapa hapa Kilema, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wenseslaus Mtenga na marehemu Mama Elizabeth. Ilikuwa sikukuu ya Mamajusi, ndiyo maana akaitwa Melkior. Padre alipendekeza Gaspari, lakini bibi yake akakataa kanisani mbele za watu, akasema Gaspari yupo mmoja jirani na anatosha. Alibatizwa na baadaye akapata kipaimara katika parokia yetu hii, na hakuihama hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi hapa Kilema kuanzia mwaka 1968. Alikuwa mpole, mwandiko wake mzuri, hesabu si sana. Masika ya mwaka 1971, akiwa darasa la nne, alikuwa akirudi nyumbani na mdogo wake Jovin, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Mto ulikuwa umejaa. Melkior alitangulia kuvuka juu ya mawe, akafika ng'ambo, akageuka, na hapo Jovin akateleza. Alimwona mdogo wake akiinua mkono. Akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kumtupia, hakukuwa na fimbo, hakukuwa na kamba, hakukuwa na chochote. Sisi wengine katika familia tumezoea kusema kwamba mto ulimchukua Jovin. Melkior hakusema hivyo hata siku moja. Yeye alisema, "Nilikuwa mikono mitupu."

Tangu hapo akawa anazunguka njia ya juu, ndefu, yenye daraja, na kila siku anafika shule kengele imeshagongwa. Mwalimu alipojua sababu aliacha kumchapa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1974.

Akiwa kijana alikwenda Marangu akapanda mlima na mizigo ya wageni kwa miaka kadhaa. Aliuacha upagazi mwaka 1985, baba yake alipozeeka, akarudi kukishika kihamba, shamba la ukoo: kahawa, ndizi, ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye kila mara aliitwa Malaika, akifa huyu anayefuata anaitwa Malaika vile vile. Mwaka 1994 wanakijiji walimchagua asimamie mfongo, ule mfereji waliouchimba wazee kuleta maji kutoka msituni. Kazi hiyo ni ya kupanga zamu za maji, kuita watu kusafisha, na kumtoza asiyefika debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Wapo waliouliza mtu anayeogopa mto amewezaje kusimamia maji. Aliwajibu, "Haya ni maji yanayosikia. Ukiyaambia pita huku, yanapita."

Tarehe 25 Julai 1987 alifunga ndoa na Magdalena, binti wa Marangu. Siku ya kwenda kujitambulisha alibeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka hapa mpaka kwao, kwa miguu, kama mpagazi, na baba mkwe alipomwona tu akasema, "Huyu hatamwangusha mtoto wangu." Mungu aliwajalia watoto watatu: Wilson, Gladys, na wa mwisho Dominika, aliyezaliwa mwaka 2000 wakati wao wenyewe wakidhani wameshamaliza.

Na hapa itabidi tukae kidogo na Dominika. Maisha ya Melkior ya miaka hii ya mwisho hayasimuliki bila yeye, na leo hayupo.

Dominika alimaliza kidato cha sita akaenda JKT. Mwaka 2020 alirudi nyumbani kusubiri ajira. Siku moja wako jikoni, wote watatu wanamenya ndizi, akasema ameomba kuingia Jeshi la Wanamaji.

"Wanamaji ndiyo wapi huko?" Mama yake aliuliza.

"Baharini, mama. Kwenye meli."

"Binti wa mgombani! Nani wa kwetu amewahi kwenda baharini?"

"Basi niwe wa kwanza."

"Baba Wilson, unamsikia mwanao?"

Baba Wilson alikuwa anamenya ndizi ile ile tangu neno la baharini litajwe, imebaki nyembamba kama kalamu. Mama Wilson alimjua mume wake. Alijua akisema hapana, mtoto atabaki, maana Dominika hakuwahi kumvunjia baba yake neno. Na Melkior naye alijua hivyo. Akaiweka ile ndizi kwenye maji, akauliza:

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, baba. Watanifundisha."

"Utajifunza hapa kabla hawajakuita."

Sasa huku mlimani nani anajua kuogelea? Maji yetu ni ya baridi, yana haraka, na mtu akiyavuka anashukuru. Lakini tunayo nduwa, lile bwawa la kutunzia maji ya mfongo yasipotee bure. Melkior alilichimba likazidi kina, akazibua matope, akaziba kingo kwa udongo na mapande ya migomba. Akakata shina la mgomba liwe la Dominika kukumbatia maana linaelea. Kisha akachukua kamba mpya ya katani, aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya Malaika, akamfunga mtoto kiunoni, mwisho mwingine akauzungusha mkononi mwake mara mbili, akasimama ukingoni.

Nduwa ili ijae hivyo ilibidi maji yasitoke. Jirani yetu Leodegar alikuja amevaa mabuti, mikono kiunoni.

"Melkior, maharage yangu yanakauka, wewe unaosha mtoto?"

"Simwoshi. Namfundisha kuogelea."

"Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Sasa unamfundisha nini?"

"Yeye anajifunza. Mimi nashika kamba."

Leodegar yuko hapa, ameketi pale, na amekubali hili lisomwe. Aliposhtaki kwenye kikao cha mfongo, Melkior alisimama kama msimamizi, akajitia hatiani, akajitoza debe la mbege. Mbege ikaletwa kando ya nduwa. Watu walikunywa faini ile wakimtazama Dominika anatapatapa, mwingine anasema piga miguu, mwingine anasema tulia kama chura, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kulowa kupita magoti. Leodegar mwenyewe ndiye aliyeshangilia zaidi.

Baada ya wiki nyingi Dominika akaliacha lile shina. Siku moja akasema kutoka katikati ya maji, "Baba, fungua sasa." Melkior akasema bado. Akasema tena, "Baba, naweza." Akasema bado kidogo. Basi binti akafungua fundo mwenyewe ndani ya maji, akaogelea mpaka ng'ambo, akatoka anacheka, anatetemeka kwa baridi. Kaka wa marehemu, Tito, alipita hapo akamkuta mdogo wake amesimama na kamba yote mkononi, imelowa. Melkior hakucheka wala hakununa. Alisema tu, "Nimeivuta, kaka, imekuja nyepesi."

Kamba ile aliitundika kwenye msumari zizini. Ng'ombe hakufungwa nayo tena, akanunuliwa nyingine.

Mwaka 2021 Dominika aliitwa. Baba yake alimsindikiza mpaka Himo, akambebea begi. Gari lilipoanza kuondoka ndipo akasogea dirishani: "Ukiwa huko, muda wote mkono mmoja ushike kitu."

Siku ya kiapo alikwenda Dar es Salaam na Wilson. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona bahari. Akamuuliza askari aliyekuwa karibu, "Kijana, ukingo wa pili uko upande gani?"

"Shikamoo mzee. Ukingo wa pili haupo."

"Maji haya yanafunguliwa na nani?"

"Hayafunguliwi, mzee wangu. Yanajiendea tu."

Wilson anasema baba aliketi chini pale pale mchangani, suti na yote. Binti alipokuja na sare yake nyeupe akamsimamisha, baba alimshika mkono kwa muda mrefu, akamwambia, "Umependeza." Basi. Akajaza chupa ya maji ya bahari, akaja nayo mpaka Kilema, akayamimina kwenye nduwa. Leodegar akauliza kama chumvi haitaunguza maharage. Melkior akamjibu, "Nataka yajuane."

Hakuwa mtu wa simu, lakini kwa Dominika alijifunza. Meli ikiwa baharini simu haipatikani, anajibu yule mama wa kwenye simu kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Melkior alimsikiliza mpaka amalize, akamwambia asante, akakata. Kesho anapiga tena. Wajukuu walimcheka, naye alicheka nao, lakini hakuacha.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 chakula kilianza kumkwama. Kwanza nyama, halafu ndizi za kupika, halafu akabaki na mtori mwepesi. Hospitalini mjini Moshi waliona ni saratani ya koo. Alitibiwa, akarudishwa, akapelekwa tena. Alikataza Dominika asiambiwe. Mama Wilson alinyamaza mwezi mmoja, kisha akasema, "Huyu ni mtoto wangu pia," akamwambia.

Dominika alikuja Krismasi. Alimkuta baba yake mwepesi hata anaweza kumbeba, na kweli alimbeba kutoka kitandani mpaka juani. Alimlisha mtori kwa kijiko cha chai. Siku ya kuaga akasema ataomba asirudi melini, abaki kwanza.

"Ubaki ufanye nini?" Baba yake aliuliza, sauti imeshakuwa ya kunong'ona.

"Nikushike, baba."

"Unishike wapi? Huu ugonjwa hauna mahali pa kushika." Akapumzika kidogo. "Nenda. Mimi niliogopa nikakuacha ukaenda. Na wewe ogopa, uende."

Dominika akaenda.

Melkior alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Magdalena. Meli ya Dominika ilikuwa mbali, kazini. Wakubwa wake walimfikishia habari kwa heshima, nasi tunawashukuru. Meli haikuweza kugeuzwa. Ukoo ulikaa, wengine wakasema tusubiri mpaka arudi. Tulisubiri Jumamosi ya kwanza ikapita. Mwisho Mama Wilson akasema, "Baba yake hakupenda watu wapoteze zamu kwa sababu ya mtoto wake. Azikwe."

Juzi Dominika aliwezeshwa kupiga simu, ya dakika chache. Mama yake alipokea, akampa Tito.

"Shikamoo, baba mkubwa. Mtamshusha na kamba gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kamba zipo za parokia."

"Ile ya msumarini ipo?"

"Ipo."

"Naomba moja iwe ile. Nani atashika upande wangu?"

"Nitashika mimi."

"Mikono yako inatetemeka, baba mkubwa."

"Hata ya baba yako ilitetemeka pale nduwani. Wewe ulikuwa majini, hukuona."

Akasema, "Niliona." Simu ikakatika.

Marehemu ameacha mjane, Magdalena, watoto watatu, Wilson, Gladys na Dominika, wajukuu wanne, kaka yake Tito, na jirani mmoja, Leodegar, ambaye tangu Jumanne ile ndiye anayefungua na kufunga maji ya mfongo bila kuambiwa na mtu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mapadre na masista, jumuiya ndogo ndogo, na ninyi nyote mliopanda mlima huu na matope haya ya Machi.

Kitambo kidogo kijacho tutamshusha. Upande mmoja wa kamba ya katani ataushika Tito kwa niaba ya Dominika, ambaye saa hii yuko juu ya maji yasiyo na ukingo wa pili, na tunaomba mkono wake mmoja uwe umeshika kitu. Jeneza likishafika chini kamba itavutwa. Itakuja nyepesi. Msishtuke, hata yeye ilimjia hivyo. Tutairudisha msumarini mpaka mwenyewe aje.

Pumzika, Melkior, kwa amani ya Mungu. Hukuwa mikono mitupu.