Fundi Lukumani na Usukani wa Gari Jekundu

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo, wa Lusangi, na ninyi wa Wamaza mnaotusikia kwa taabu, hamjambo. Mimi ni Antoine. Leo tunamkumbuka fundi Lukumani Ayoubu, aliyefariki Ijumaa ile mbele ya msikiti, siku thelathini na tisa zilizopita. Hakufa kwa ugonjwa. Alipigwa mpaka akafa. Narudia, maana wapo wanaosema eti alianguka: alipigwa mpaka akafa, na waliompiga ni sisi wa mji huu.

Lukumani alizaliwa Wamaza. Alipokuwa na miaka kumi na moja, watu wenye silaha waliingia kijijini, wakamkata baba yake kwa panga mlangoni. Mama yake alikuja naye Kasongo kwa miguu. Hapa akajifunza ufundi kwenye malori ya mapadri. Mikono yake mnaikumbuka. Vidole viwili vya kushoto boneti ilivivunja, havikukunjika tena. Na shavu lake lililoungua mnalikumbuka pia.

Shavu lile liliunguzwa na gari la Kamaldine, mfanyabiashara wetu. Gari mnalijua: jekundu, la spoti, la milango miwili, lililoletwa juu ya lori kutoka Kalemie likiwa tayari limezeeka. Radiateri ilitoboka kila mwezi. Siku moja kifuniko kiliruka, maji ya moto yakamlipukia fundi usoni. Mipira ilipasuka. Klachi ilinuka kama nywele zinazoungua. Taa za mbele zilipaswa kuinuka zenyewe. Moja iliinuka, nyingine ikabaki imelala, gari likawa linatukonyeza. Sakafu ilioza kwa kutu hata abiria akaona barabara kati ya miguu yake. Tulicheka sana, wasikilizaji. Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa breki. Mrija wa mafuta umeliwa na kutu, raba za ndani zimekwisha.

"Motokari hii iko na freni ya mara moja tu," Lukumani alimwambia Kamaldine mbele ya watu. "Ukikanyaga mara ya pili, hakuna kitu. Utaua mutu."

Akafanya alivyozoea kufanya. Akafungua usukani, ule tunaouita volan, akaenda nao nyumbani chini ya kwapa. Desturi yake mnaijua. Zamani alikubali kuharakishwa na tajiri mmoja, akaachia lori ambalo breki zake hazijapona, nalo likaua watu watatu kwenye mteremko wa Lusangi. Tangu hapo, gari bovu halikubaki na usukani. Akilimaliza, anaurudisha mwenyewe, kwa mikono yake, barabarani, kila mtu anaona. Hata watoto walijua: gari la Lukumani likiwa na usukani, limepona.

Usukani wa gari jekundu ulikaa wiki tatu chini ya kitanda chake, raba zikisubiriwa kutoka Kalemie. Lakini Kamaldine alikuwa na harusi ya dada yake Jumamosi. Alitaka aonekane. Ijumaa, Lukumani akiwa kwenye sala, Kamaldine akaenda kwa mke wa fundi, Amisa. Sala yeye aliiacha siku hiyo, kwa haraka yake.

"Shemeji, fundi amenituma," akamwambia. "Anasema unipatie volan. Motokari imekwisha pona."

Amisa alimwamini. Anayekuita shemeji ni mtu wa nyumbani. Akainama, akautoa, akampa.

Kamaldine akaufunga mwenyewe, gari likashuka mteremko wa soko. Breki ilishika mara moja. Mara ya pili haikushika. Likapita katikati ya baiskeli, likavunja meza, likambana Mama Régina, muuza unga wa muhogo, kwenye ukuta. Alifia pale, unga na damu vimechanganyika. Kamaldine akaruka kwenye pikipiki, akatoroka. Alikamatwa baadaye, faili iko mahakamani, siongezi neno.

Hapa ninaingia mimi, wasikilizaji wapendwa. Nililetewa karatasi studio: gari lililotoka kwa fundi Lukumani limeua mama sokoni. Sikuuliza ni nani aliyeiandika. Nilisoma. Nikarudia, kama kawaida yetu, mara mbili, na jina lake mara mbili.

Sokoni redio zilikuwa wazi. Watu wakaenda msikitini, wakamkuta fundi anavaa viatu.

"Volan iko kwangu nyumbani!" alilia.

"Muongo! Iko mu motokari, sisi wote tumeiona!"

Ndivyo ilivyokuwa. Waliiona kweli, wakajua maana yake, wakampiga kwa sababu waliijua. Walimpiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa pampu ya baiskeli. Meno yalimtoka. Alijaribu kusema jina la mke wake, nadhani alitaka mkewe aulizwe. Hakuna aliyeuliza. Mtu alimkanyaga shingo.

Nadine, binti ya Mama Régina, ameniruhusu niseme maneno yake. "Nilipiga na miye. Mama yangu alikuwa amelala chini, tumbo wazi. Sikuuliza kitu. Niliokota jiwe." Siku ya kumi alikwenda kwa Amisa, akamwambia hivyo hivyo. Amisa alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi. Wakakaa mpaka magharibi.

Na Amisa anasema: "Volan ni miye niliyeitoa. Watu wanaogopa kuniambia, basi ninajiambia miye mwenyewe kila siku."

Dada Amisa, uliongopewa. Ninalisema kwa sauti ileile iliyomtaja mume wako. Lukumani hakuachia gari lile. Narudia: fundi Lukumani hakuachia gari lile.

Tunasema hasira hasara, halafu tunaacha hasara kwa wajane. Wewe uliyeokota fimbo siku ile, unajijua. Fikiri.

Pole kwa Amisa na binti yake Asma. Pole kwa Nadine na wadogo zake. Mungu awarehemu marehemu wote wawili.

Kesho ni arobaini ya fundi. Kisomo ni nyumbani kwake, baada ya alasiri. Nimefika kwenye ua ule mara mbili. Mara zote mbili nilimsikia mtoto anauliza nani yuko nje, nikageuka. Kesho nitamjibu jina langu, na mama yake akinifukuza, atanifukuza mbele yenu.