Sauti ya Kipa wa Akiba

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na jua. Leo sikupanga kusema. Lakini kijana aliyekaa hapo mbele ameuliza kwa nini tuvuke maji katikati ya msimu kwenda kucheza mechi isiyo na pointi, na alipouliza, nusu ya chumba hiki mmegeuka kunitazama mimi. Mna haki. Swali hilo ni langu. Niliuliza mwaka jana, humuhumu, na ninyi wapya hamjui lilichofanya. Acheni niwaambie kabla hatujapiga kura.

Nilitoka chuo nikiwa na shahada na sina kazi. Mkanichagua katibu wa timu kwa sababu naandika barua vizuri. Mwezi haukuisha nikawa nimehoji kila kitu: kwa nini nyumba moja tu ndiyo ifue jezi, kwa nini dua ya kabla ya mechi iwe ndefu kuliko kupasha misuli moto. Msicheke, mengine yalikuwa maswali mazuri. Mkaniita Profesa, nami nikalipenda jina.

Halafu nikafika kwenye safari ya ng'ambo ya ziwa. Mnaijua desturi: mzunguko wa kwanza ukiisha, tunapanda kivuko hadi Kamanga, tunaenda Sengerema kucheza mechi ya kirafiki. Siku hiyo watu wa benchi ndio wanaoanza, na kikosi cha kwanza wanabeba maji na mipira. Kipindi cha pili wanachanganywa wote. Ukiwauliza wanachama wa zamani sababu, wanakujibu: "Timu isiyovuka maji haimalizi msimu." Basi. Hakuna maelezo mengine.

Mimi niliposikia hivyo nikajua nimekamata ushirikina kwa mkono. Nikasimama nikasema, "Naomba kuuliza, hayo maji yana pointi ngapi?"

Chumba kizima kikacheka. Kocha wetu, mwalimu mstaafu, mtu asiye na maneno mengi, akasema, "Katibu, ile safari ina kazi yake."

"Kazi gani, Mwalimu? Nionyeshe kwenye msimamo wa ligi."

"Kwenye msimamo haionekani."

"Basi haipo."

Mkanipigia makofi. Safari ikafutwa. Nilirudi nyumbani natembea kama wakili aliyeshinda kesi.

Ndugu zangu, mzunguko wa pili ulikuwa haujaanza kipa wetu wa kwanza akavunjika kidole mazoezini. Mechi ya kwanza akaingia wa akiba. Alikuwa hajadaka mechi hata moja tangu msimu uanze. Ikaja krosi ya kwanza, akatoka, akaita, "Yangu!" Niliisikia mimi niliyekuwa nje ya mstari. Beki wetu hakusimama. Wakagongana, mpira ukaingia wenyewe, taratibu, kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Goli la pili lilikuwa vilevile. Krosi ya tatu akaogopa kutoka, akabaki kwenye mstari, nayo ikaingia.

Nikampigia kelele mbele ya watu, "Umeota mizizi?"

Hata jezi hajavua, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Leo tumefungwa na mtu mmoja, na wote tunamjua." Mkaanza kuweka vile vikatuni vya kucheka. Nami, naomba mnisikie vizuri kwa sababu hili sijawahi kulisema, nilikuwa nafurahi kila kimoja kilipoingia. Kisha ukatokea mstari mmoja mdogo: ametoka kwenye kundi.

Mazoezini hakuja tena. Mechi iliyofuata tukamweka winga golini. Matokeo mnayakumbuka, msinilazimishe kuyataja. Tukawa tunalielekea shimo la kushuka daraja, na hatuna kipa.

Kocha hakunilaumu. Aliniambia tu, "Barua unaandika vizuri. Hii usiandike. Nenda kwa miguu."

Nikamkuta mwaloni, pale ufukweni wanaposhusha samaki, anapakia magunia ya dagaa. Aliponiona hakuweka gunia chini.

"Profesa! Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuomba urudi."

"Nirudi kuota mizizi?"

Wapakiaji wenzake wakaangua kicheko. Nikasimama pale na viatu vyangu visafi, sijui niweke wapi mikono. Alipomaliza kupakia gari, akaja, akajifuta jasho, akasema, "Niliita 'Yangu' au sikuita?"

"Uliita."

"Sasa kwa nini beki hakuniachia?"

Nikamwomba anieleze yeye. Mimi, mtu wa maswali.

"Alisikia mtu anaita, hakujua ni nani. Mwaka mzima yuko mbele ya kipa mwingine, mazoezini mimi nadakia watoto wa benchi. Sauti yangu ataijulia wapi? Kule ng'ambo ndiko wanakoijulia. Kipindi cha pili nakaa nyuma yao, nawapigia kelele mpaka koo linakauka. Ndiyo kazi ya ile mechi, Profesa."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Uliuliza, watu wakacheka. Mimi niseme nini juu ya kicheko?"

Nikamwomba radhi palepale, kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa. "Ulinivua nguo sokoni, halafu unanivika kichochoroni?"

Nikaahidi nitasema mbele ya wote. Jioni ile nikaandika kwenye kundi kwamba uongozi umetafakari upya ratiba na mechi ya kirafiki itachezwa. Uongozi umetafakari upya! Jina lake hamna, kosa langu hamna. Naye akarudi hivyohivyo, kwa ajili yenu. Tukavuka, akapiga kelele nyuma ya mabeki siku nzima, na mechi ya ligi iliyofuata alipoita "Yangu", mabeki wawili waliinama kama nyasi. Daraja tukalishika, kwa kucha.

Tangu siku hiyo karibu mwaka mzima umepita, na kila nikimwona naangalia pembeni. Leo yuko pale karibu na mlango. Kaka, si wewe uliyetufunga. Ni mimi. Nilikunyima sauti yako kwanza, kisha nikakucheka kwa kuwa haikusikika. Nisamehe, mbele ya hawahawa niliokuaibisha mbele yao.

Namshukuru Mwalimu aliyenituma kwa miguu. Nawashukuru mabeki waliobeba maji bila kununa. Nakushukuru wewe uliyerudi kabla sijastahili.

Na wewe kijana uliyeuliza, usiache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila nilichojifunza ni kwamba niliuliza nikitaka kushinda, na anayeuliza hivyo hasubiri jibu. Wewe umeuliza, basi kaa usikie. Pengine anayelijua jibu ni yule asiyewahi kupewa nafasi ya kusema.

Kabla ya kura, naomba kipa atuambie anavyoiona ile mechi. Tafadhali, tusicheke mpaka amalize.

Mimi nakaa.