Bwana Shaame na Watoto wa Desemba

Ijumaa tarehe 27 Machi 2009, Bwana Abdulhafidh Shaame atakabidhi ufunguo wa basi hapa yadi yetu ya Mesquite, jirani na Dallas, na kurudi nyumbani Lewisville kwa gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Atakuwa ametimiza miaka kumi na tisa kazini, karibu yote katika safari moja: kuwachukua watoto wa Plano, mahali pasipo na mlima wala theluji ya maana, na kuwapeleka New Mexico kushindana kuteremka mlima kwa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Mimi Intisar, mpangaji wa safari, nimeombwa niandike wasifu wake kwa heshima. Nitajitahidi.

Mzaliwa wa Raha Leo, Unguja, Bwana Shaame alifika ofisini kwetu akiwa na leseni mpya na tai ya kuazima. Klabu ya skii ilipotaka dereva wa kudumu, madereva wote walikumbuka ghafla kwamba wana harusi kila wikendi. Yeye akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo hajamsahau mtoto hata mmoja mlimani. Wazazi amewasahau wawili, na yule wa pili tunaamini alimsahau makusudi, kwa sababu abiria walipiga makofi.

Kuskii mwenyewe hakujifunza. Alijaribu mara moja, akateremka kinyumenyume mpaka ndani ya foleni ya chokoleti ya moto. Aliwaomba radhi wote aliowaangusha, mmoja mmoja, kisha akanunua chokoleti.

Mkewe, Bi Hamdiya, alikuwa akihudumia makao ya wazee siku za wikendi, kwa hiyo binti yao Nahla alikulia kwenye basi. Klabu ikampa skii na viatu vilivyowabana wakubwa. Alipofika miaka tisa alikuwa akiwaacha watoto wa mawakili nyuma kana kwamba wamefunga breki. Mshindani wake wa kweli alikuwa mmoja tu: Heritier, mtoto wa Bwana Polycarpe, mhandisi Mkongo wa Plano, kwani umri huo wavulana na wasichana wa klabu walishindana pamoja. Polycarpe alikaa siku zote nyuma ya dereva. Mmoja alisema Kiswahili cha Unguja, mwingine cha Bukavu. Walielewana nusu na kucheka yote.

Sasa, msomaji, vumilia kidogo nikueleze mambo ya makundi. Watoto hawa hushindana kwa makundi ya miaka miwili miwili. Mwaka wa kwanza mtoto ni mdogo katika kundi, anapigwa. Mwaka wa pili ni mkubwa, anapiga. Kila mzazi huumeza mwaka wa kwanza kwa ajili ya ule wa pili. Nahla, aliyezaliwa tarehe 28 Desemba 1991, alikuwa ameshaumeza wa kwanza. Ndipo mwaka 2003, kabla ya msimu kuanza, klabu ikatangaza kwamba umri hautahesabiwa tena kwa siku ya kuzaliwa bali kwa mwaka tu. Nahla, mwenye miaka kumi na mmoja, akawa wa kumi na mbili kwa tangazo. Akapandishwa kundi la wasichana wenye miguu kama nguzo za umeme. Heritier, aliyezaliwa siku tano baada yake, tarehe 2 Januari, akabaki chini, mkubwa wa wote.

Kikao cha wazazi kilifanyika katika bwalo la shule moja Plano. Bwana Shaame alivaa koti la harusi.

"Alaa! Mtoto kalala na miaka kumi na mmoja, kaamka na kumi na mbili?" alisema. "Hii klabu au uchawi?"

Mama mmoja akasimama akilia. Mwanawe alikuwa azaliwe Januari, lakini yeye na mumewe walimwomba daktari amtoe tarehe 30 Desemba ili wapate nafuu ya kodi ya wenye mtoto kwa mwaka huo. Serikali iliwapa nafuu yao. Sasa klabu ilikuwa inawanyang'anya medali. Kocha mkuu alikosa pa kuangalia.

Kisha Bwana Polycarpe akasema taratibu, "Règlement ni règlement. Sheria ni sheria. Watu wote wafuate."

"We Polycarpe!" Bwana Shaame akamgeukia. "Angezaliwa wako Desemba ungesema hivyo?"

"Lakini hakuzaliwa Desemba," akajibu Polycarpe.

Safari iliyofuata, Polycarpe alipanda basi bila salamu, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo. Alikaa huko miezi miwili. Anayejua choo cha basi lile anajua uzito wa ugomvi wao.

Bwana Shaame akaanzisha Umoja wa Wazazi wa Desemba, akajichagua mwenyekiti. Aliwapigia viongozi wa klabu simu mpaka wakawa wanamtambua kwa kikohozi. Bi Hamdiya alimwambia, "Mtu wa Raha Leo, barafu inakuhusu nini?" Hakusikia. Januari viongozi wakasalimu amri: watoto wa Desemba wangeruhusiwa kurudi chini, wazazi wao wakitaka. Yeye alikubali kabla kocha hajamaliza sentensi.

Nahla alipata habari Jumamosi asubuhi, huko mlimani, mbele ya basi, akifunga viatu.

"Baba, did you even ask me?"

"Nikuulize nini? Nimekupigania mwaka wako! Kule chini utashinda."

"I don't wanna go down. Niache huku."

"Huku wanakupiga, mwanangu."

"I know." Akaendelea kufunga viatu. "Kule nikianguka, wewe huli chakula. Last year hukula mpaka tukafika Dallas. Huku nikianguka hakuna anayeshangaa."

Bwana Shaame aliipangusa taa ya mbele ya basi, ambayo haikuwa chafu. Kisha akaenda kwa kocha kuirudisha ruhusa aliyoisumbukia msimu mzima. Umoja wa Wazazi wa Desemba ukamvua uenyekiti palepale theluji ikianguka, na yule mama wa kodi akachukua nafasi yake.

Siku hiyo Nahla alishika nafasi ya tatu kutoka mwisho. Wasichana wenye miguu ya nguzo walimbeba mabegani kana kwamba ameshinda. Baba yake alikula sahani mbili za wali, akaomba na ukoko.

Wakati wa kurudi, Polycarpe alitoka nyuma, akaja na mfuko wa karanga, akakaa mahali pake nyuma ya dereva.

"Heritier amepata medali ya dhahabu," alisema.

"Hongera."

"Analia. Anasema hakuna mutu wa kumukimbiza." Akamsogezea karanga. "Sasa mimi nifanye nini na hii medali?"

"Itundike shingoni mwako wewe," akasema Bwana Shaame, na wote wawili wakacheka mpaka watoto wakawaomba wanyamaze.

Mwezi uliopita, katika safari yake ya mwisho, wazazi wapya walikuwa wakigombana kwa sauti: kuna tetesi kwamba makundi yatabadilishwa tena. Bwana Shaame aliwasha kipaza sauti. "Waheshimiwa wazazi," alitangaza kwa Kiingereza chake cha Raha Leo, "watoto wanaelewana vizuri. Nyinyi mkiendelea, nitawashusha Amarillo, hapo njiani."

Pakawa kimya mpaka Plano.

Bwana Shaame, yadi nzima inakushukuru, na Bi Hamdiya pia kwa kutuazima mume wake wikendi zote hizo. Mwenyezi Mungu akupe siha na maisha matamu. Sasa ni zamu yako: kaa nyuma, kunja miguu, na umlalamikie dereva.