Mwalimu Cephas Ogweno, Aliyetega Vitendawili Mchana

Baba Padri, walimu, wazazi, majirani, nanyi watoto mlioketi nyasini na sare zenu za shule, ukoo wa Ogweno umeagiza historia hii isomwe na baba mdogo wa marehemu, na sauti ikimkatika njiani mtamvumilia, kwa maana utaratibu wa dunia ni kwamba mwenye mvi husomewa na mwenye nywele nyeusi, na leo utaratibu huo umepinduliwa mbele ya macho yetu, nasi bado hatujaelewa umepinduliwaje.

Cephas Ogweno alizaliwa tarehe 12 Aprili 1957 hapa Sindo, akiwa kifungua mimba wa hayati Mzee Zablon Ogweno na Mama Susana, ambaye yuko nasi kwenye kiti kile. Ni mama huyo aliyemlea kwa vitendawili, jioni, vyombo vikiwa vimekwisha kuoshwa, akamwonya kama watoto wote wa ufuko huu walivyoonywa, kwamba kitendawili kina saa yake, na mtoto anayekitega jua likiwa juu hudumaa, akabaki mfupi kama kisiki. Cephas aliuliza ni nani katika Sindo nzima aliyewahi kudumaa kwa sababu hiyo, na jibu alilopewa ni mtungi, ili aende ziwani kuchota maji.

Alisoma shule ya msingi hapa Sindo tangu mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mjini Homa Bay hadi 1974, kisha akajiunga na chuo cha ualimu huko Asumbi, akahitimu mwaka 1977. Mwezi Januari 1978 aliajiriwa kufundisha Awendo, katikati ya mashamba ya miwa, na tarehe 17 Desemba 1983 akafunga ndoa takatifu na Phanice, binti wa Mzee Elisha wa huko huko Awendo, wakajaliwa watoto watatu, Ken, Phelgona na Elijah. Mwaka 1988 alihamishiwa shule iliyo karibu na soko la Uriri, na hapo ndipo kazi yake ilipochanua, na hapo ndipo ilipomletea maneno.

Marehemu aliona jambo lililomsumbua usingizini na mezani, kwamba watoto wetu waliweza kukariri kitabu kizima bila kukosea, lakini ukiwauliza kwa nini, walitazama dari. Basi akachimba vishimo uani, akawafundisha ajua, bao letu la mbegu, na juu ya mbao akawachorea drafti ya vifuniko vya soda, akaweka sheria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja, hata mwanawe Ken: husogezi kete kabla hujaeleza sababu yako kwa sauti, na mpinzani wako haruhusiwi kukujibu mpaka kwanza airudie sababu hiyo kwa haki, hadi wewe mwenyewe ukiri kwamba ndivyo ulivyosema. Michezo ilipokwisha alitega vitendawili, na saa yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Mwezi Januari 1995 Mama Nyasuguta, mzazi na mfanyabiashara wa sokoni, alimwendea mwalimu mkuu, Bwana Onsongo, akasema, “Mwalimu, mtoto wangu amekaa kwa huyu Cephas mwaka mzima, na sare niliyomshonea akiingia bado inamtosha! Nimwambie nini baba yake?” Wazazi wengine wakaitikia, wengine wakaongeza chumvi. Mfalme Sulemani alijaribiwa kwa mafumbo na malkia aliyetoka mbali, wala hatukusimuliwa kwamba alimngojesha hadi jua litue, lakini mila ni mila, na marehemu hakuicheka. Aliwauliza wanafunzi wake wafanyeje ili wajue kama ni kweli, na baada ya ubishi mrefu wakakubaliana kwamba ukuta wa nyuma wa stoo uchorwe kwa makaa, darasa lake la Mashariki lipimwe kimo upande mmoja, na la Magharibi, lisilotegewa vitendawili, lipimwe upande wa pili, na wote wapimwe tena mwaka ukigeuka.

Bwana Onsongo naye, akibanwa na wazazi huku na silabasi kule, akatangaza kwamba Alhamisi tarehe 14 Machi 1996 wazazi wakutane, waone ukuta, na siku hiyo hiyo somo la vitendawili lithibitishwe au lifutwe kabisa. Mke wa marehemu, Phanice, anasema kwamba asubuhi ile mumewe alikunywa chai akiwa amesimama, akilalamikia kichwa, maumivu aliyozoea kuyaita uchovu wa chaki, akaondoka bila kumaliza kikombe.

Wazazi walifika, wakautazama ukuta. Madarasa yote mawili yalikuwa yamekua, na la Mashariki limezidi kidogo. Mzee Wangwe, mfugaji anayejulikana kwa utani, akaruka, “Kumbe vitendawili ni mbolea! Wangu ahamishwe Mashariki leo leo, na mbuzi wangu pia!” Watu wakacheka, na pengine mambo yangeishia hapo kwa ushindi rahisi. Lakini Kultum, mwanafunzi wa Mashariki na binti wa Bwana Abdikarim mwenye duka la nguo, alinyoosha mkono na kusema, “Hapana, Mzee Wangwe. Umesema tumerefuka kwa sababu ya vitendawili, ndivyo?” Mzee akakubali kwamba ndivyo. “Lakini Mashariki wengi wetu ni wakubwa kwa umri. Ukuta unasema hatukudumaa. Hausemi kwa nini tumerefuka.”

Waliokuwa karibu na marehemu wanasema aliketi kwenye benchi polepole, akatazama chini huku akitabasamu, kama mkulima aliyekata tamaa na shamba kisha akaona limechipua lenyewe. Bwana Onsongo akasimama, akasema somo litabaki. Mama Nyasuguta akaenda kumpa mkono wa pongezi, na mkono wa marehemu haukuinuka.

Alipakiwa kwenye pikapu akapelekwa hospitalini Migori, ambako madaktari walieleza kwamba mshipa ulikuwa umepasuka kichwani kwa shinikizo la damu, na kabla jua halijazama alifariki, mwenye miaka thelathini na minane, aliyetoka nyumbani kwa miguu yake. Sisi tuliopokea habari hapa Sindo tulimwambia mjumbe arudi akaulize vizuri.

Kisha likafuata jambo ambalo ukoo umeamua lisifichwe. Katika matanga haya kumenong'onwa kwamba vitendawili vya mchana vimemla, kwamba mila imemjibu. Wazazi kadhaa wamekwisha kusema watoto wao hawatarudi katika somo lile, na Kultum, alipofika juzi na baba yake kutupa pole, alisikia maneno hayo, akalia akisema ni jibu lake lililomuua mwalimu. Mama Susana, mwenye mila hiyo kuliko sisi sote, alimwita. “Nyathina, mwanangu, njoo. Mume wangu hakutega kitendawili hata kimoja, tulipoanza alikimbilia kwa jirani, na alikufa kijana kuliko Cephas. Yeye aliuawa na nini?”

Mtoto akafikiri, akajifuta macho. “Sijui, Bibi.”

“Hata mimi sijui,” akasema Mama Susana. “Daktari ameniambia habari za mshipa, nimesikia. Kwa nini mshipa huo, kwa nini siku hiyo, sijui, na asiyejua asimtwike lawama mtoto wa mwenzake. Kaa hapa na mimi.” Wakakaa mkekani hadi chakula kikaletwa, na Mama Nyasuguta, aliyekuwa jikoni na aliyesikia yote, akatoka na mwiko mkononi akatamka mbele ya watu kwamba mtoto wake atakuwa darasani Jumatatu, asiyetaka abaki na wake.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa Migori, Bwana Abdikarim aliyetoa sanda na usafiri, majirani wa Uriri na wa Sindo, Bwana Onsongo na walimu wenzake, ambao wametuarifu kwamba Jumatatu saa nne somo litaendelea. Maswali yetu tunayarudisha kwa Mungu, ambaye hakasiriki kuulizwa.

Cephas, mwana wetu, umetutangulia tukiwa tumesimama mlangoni tukikungoja. Amani ya Bwana ikulaze pema.