Jibu Lililomfungia Mama Mdogo

Marehemu Mwalimu, mama yetu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1970 akiwa na sauti iliyoyanyamazisha hata madarasa ya jirani, na tarehe 14 Desemba 1974 akafunga ndoa na karani wa posta, wakajaliwa watoto wawili, ambao wa pili ndiye anayewasomea historia hii.

Mwaka 1981 alimleta nyumbani binamu yake wa miaka ishirini, tuliyemwita Mama Mdogo, kwa ahadi ya kumsomesha ushonaji, lakini chuo chake kikawa jiko, sinki na nguo zetu chafu, na vyeti vyake vikafungiwa kabatini. Ndugu waliomba sehemu hii irukwe, ila marehemu mwenyewe aliagiza isomwe.

Tarehe 6 Juni 1988, akifundisha darasa la sita, Mwalimu alisoma kisa kilichosimuliwa na mtumwa mwenyewe, akafunika ukurasa uliofuata kwa kiganja, akauliza mtu huyu atafanya nini, akataka kila jibu liwe na ushahidi. Binti yake, kimbelembele wa dawati la mbele, akasimama. "Atatoroka," akasema. "Anaficha mkate, anaulizia njia, na siku hizi akigombezwa hajibu. Hata Mama Mdogo yuko hivyo hivyo." Darasa lilimpigia makofi, naye akavimba kichwa.

Jioni ile Mwalimu alikuta vipande vya mkate mkavu nyuma ya pipa la unga, akavitupa, na kuanzia hapo lango lilifungwa kwa kufuli, ufunguo ukakaa kiunoni mwake. Mama Mdogo aliondoka tarehe 2 Februari 1992, siku tuliyomzika baba, lango likiwa wazi kwa ajili ya waombolezaji. Mwalimu alimtafuta kwa miaka mingi bila kumpata, na kisa kile hakukifundisha tena, kwa aibu.

Alianza kuugua figo mwaka 2014, akafariki tarehe 21 Agosti 2019, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na walimu wenzake. Mama Mdogo hatukumshukuru hata siku moja, na kama habari hizi zitamfikia huko aliko, ajue kwamba aliyemchongea ni huyu anayesoma, naye anaomba radhi mbele ya watu wote.

Upumzike kwa amani, Mama, sisi bado.